Mabega ya Babu, Miguu ya Mjomba

Fundi anayenishonea kanzu ana kibanda chembamba nyuma ya soko la Darajani, mjini Unguja, chenye cherehani mbili na nafasi ya mteja mmoja kusimama. Wiki mbili kabla ya Idi nilisimama hapo, mikono nimeiachia pembeni kama alivyoniamuru, naye akapitisha utepe wake mgongoni kwangu kutoka bega hadi bega, akaurudisha mara ya pili, kisha akacheka peke yake.

"Bega lako la kulia limeshuka," alisema. "Bega la babu yako hili, mwanangu. Nilikuwa kijana, najifunza kazi kwa marehemu baba yangu, na kila kanzu ya babu yako ilikuwa lazima tuikate upande huu kwa mteremko zaidi. Nyinyi watu wa nyumba ile hamfichiki."

Madaftari ya nyumba yake ya ushonaji hayatupwi. Alivuta sanduku la bati kutoka chini ya meza, akapekua kwa subira ya mtu ambaye hana foleni mlangoni ilhali anayo, akanionyesha mstari wa wino uliofifia: jina la babu yangu, urefu inchi 54, kifua 38, na pembeni maneno matatu, "kulia shusha 1". Kurasa nyingi baadaye, katika daftari jingine, yupo baba yangu, urefu 56. Mimi niko katika daftari la sasa, urefu 58.

Babu alifariki miaka mitatu kabla sijazaliwa. Picha yake iliyobaki ni ya kitambulisho, uso mtupu, bila mwili. Kwa hivyo nilitoka Darajani nikijiona nimerudishiwa kitu ambacho sikujua kuwa nilikipoteza, na njia nzima nilikuwa naligusa bega langu.

Nilipaswa kufurahi na kuliacha jambo hapo.

Sikuweza.

Miguu isiyojaa

Kwa miaka miwili sasa ninakwenda kufanya mazoezi katika jimu moja ya Ng'ambo, siku tatu kwa wiki, baada ya Isha. Kifua kimejibu, na shahidi ni daftari lile lile, kwa sababu nilikuwa 40 na sasa ni 42. Mikono imejibu. Mashavu ya miguu hayajajibu. Nimesimama juu ya ncha za vidole huku nimebeba vyuma mabegani hadi kesho yake nikashindwa kushuka ngazi, na bado, nikivaa bukta, goti linaonekana kama fundo katika fimbo.

Kijana anayetufundisha aliwahi kuniambia mbele ya wenzangu kwamba tatizo langu ni uvivu, kwamba naogopa uzito na namdanganya yeye na nafsi yangu. Sikumjibu, kwa kuwa niliamini kwamba anasema kweli. (Nilipomsimulia fundi habari za misuli hii, alinitazama juu ya miwani na kusema kwamba msuli anaoujua yeye ni ule unaofungwa kiunoni.)

Ndipo nilipong'amua kilichokuwa kinaniudhi. Katika mwezi mmoja nilipokea hukumu mbili juu ya mwili wangu nikazikubali zote mbili: bega nimepewa na babu, na miguu nimejinyima mwenyewe. La kwanza nilifanyia fahari, la pili nilionea haya, na hakuna hata moja ambalo nililichunguza.

Chini ya mnazi

Mjomba wangu, kaka wa mama, anakaa upande wa Makangale, kaskazini ya Pemba. Ni mkwezi wa minazi tangu utotoni, amepindukia miaka sitini, na bado anapanda. Nilipovuka kwa boti hadi Mkoani baada ya Idi, dhamira yangu ilikuwa kumpelekea salamu na vitambaa alivyoagiza shangazi. Sikwenda kutazama miguu ya mtu.

Lakini alipanda mnazi mbele yangu, nikiwa chini nimeinua kichwa, na nikaiona. Kila alipojisukuma, shavu la mguu lilikusanyika juu kabisa, karibu na kunyuma ya goti, dogo na gumu kama limao, na chini yake hapakuwa na kitu isipokuwa kano ndefu iliyonyooka mpaka kisigino. Ilikuwa miguu yangu. Aliposhuka nilimwomba asimame juu ya ncha za vidole, nikasimama pembeni yake, na mkewe, mama yetu mkubwa kwa heshima, alicheka hadi akaketi.

Mtu huyu amejisukuma juu ya vigogo vya minazi kwa nusu karne. Kama kazi pekee ingejaza mashavu ya miguu, yake yangepasua suruali.

Hili si fumbo kwa wanaousoma mwili. Kila msuli una sehemu mbili zinazoonekana kwa jicho: nyama yenyewe, ambayo hujikunja, na kano, ambayo huishika nyama kwenye mfupa. Mazoezi huzinenepesha nyuzi za nyama. Hayahamishi mahali kano inaposhika mfupa, wala hayabadilishi pa kuishia kwa nyama na pa kuanzia kwa kano kiasi cha kubadilisha sura ya mguu. Mwenye nyama iliyoshuka chini na kano fupi ataonekana na mguu mnene hata kama hajawahi kukimbilia daladala, na mwenye nyama fupi iliyokaa juu atanenepesha hiyo hiyo fupi. Ndivyo ilivyo hata kwa vipande vya tumbo ambavyo vijana wa jimu hupigiana picha kwavyo: mistari inayoligawa tumbo kwa upana ni kano zilizokatiza misuli miwili iliyosimama ubavu kwa ubavu, na kama vipande ni vinne au sita, sambamba au vimepishana, hilo lilipangwa kabla ya mtu kuzaliwa.

Wala mguu wa namna ya mjomba si mguu wenye kasoro. Kano ndefu hujivuta na kurudi kama mpira, ikirudisha sehemu ya nguvu ya kila hatua, na mguu mwepesi kwa chini haugharimu sana kuurusha mbele, kwa sababu uzito ulio mbali na nyonga ndio unaochosha. Nilimwambia mjomba haya kwa maneno mepesi. Alisema kwamba anachojua yeye ni kuwa mamake alikuwa na miguu hiyo hiyo na alikuwa haachwi njiani na mtu.

Yule kijana wa jimu sikumlaumu tena. Lakini hukumu yake juu ya miguu yangu haikuwa sahihi.

Karatasi ya nasaba

Nikadhani basi mambo ni rahisi: miguu ya Pemba, mabega ya Unguja, na mimi ni kanzu iliyoungwa katikati.

Kwa shangazi yangu, dada wa baba, ukutani pana nasaba yetu ndani ya fremu. Majina manane kuanzia la baba yangu, mtu na babake na babake, hadi kwa mzee aliyeshuka na jahazi kutoka Hadhramaut, huko Yemen. Tangu utotoni nilisikia kwamba sisi tuna "mwili wa watu wale", wembamba wa mifupa na urefu wa vidole, na kila mtoto anayezaliwa hukaguliwa vidole na kupewa hati yake.

Safari hii nilisimama mbele ya fremu na kufanya hesabu ya skuli ya msingi. Wazazi ni wawili, mababu na mabibi wanne, wa juu yao wanane, na katika kizazi cha nane wanakuwa 256. Mzee wa Hadhramaut ni mmoja wao. Kwa wastani, kilichonifikia kutoka kwake ni sehemu moja kati ya 256, ambayo haifiki hata nusu ya asilimia moja, na kwa kuwa urithi hukatwa vipande vikubwa vikubwa na kugawanywa kwa bahati, inawezekana nimepata zaidi ya hapo au karibu na hapana kitu. (Hesabu hii ni ya juu mno kwa visiwa vyetu, ambako binamu huoana na mzee mmoja hushika nafasi mbili tatu katika ukoo ule ule. Ila hata ukimhesabu mara tatu, bado wamebaki zaidi ya mia mbili na hamsini.)

Wote hao wengine hawako ukutani. Nusu yao kamili ni wanawake, na hakuna jina la mwanamke hata mmoja katika fremu ile.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu 80 waliozikwa baina ya takriban 1250 na 1800 katika miji ya pwani yetu, ikiwamo Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa na Manda, pamoja na kijiji kimoja cha bara. Walioongoza kazi hiyo walikuwamo Esther Brielle, Chapurukha Kusimba na David Reich. Walikuta kwamba wengi wa wale waliozikwa walikuwa na asili mbili: ya Kiafrika, iliyopita hasa kwa mama zao, na ya Asia, iliyopita kwa baba zao na kwa sehemu kubwa ikitokea Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000, na asili ya Kiarabu ikazidi baada ya 1500. Niliposoma hivyo niliona kwamba wazee wetu waliosimulia habari za kutoka Shirazi, mji wa Uajemi, hawakuwa waongo, na kwamba walisimulia habari za baba tu. Mwili haukusoma fremu ya shangazi, na mabibi wasioandikwa wamo ndani yake kwa nusu na zaidi ya nusu.

Lililonigusa zaidi ni dogo kuliko hilo. Mwaka 2017 watafiti wengine walichapisha vinasaba vya mtu aliyezikwa yapata miaka 1,400 iliyopita katika pango la Makangale, ndiyo, kule kule kwa mjomba, na vya mwingine wa pango la Kuumbi hapa Unguja. Hawakuwa Waajemi wala Wabantu. Walikuwa wa jamii za kale za wawindaji na waokotaji. Mwingine wa pango hilo hilo la Pemba, aliyeishi karne nyingi baadaye, ana asili ya Kibantu. Yaani hata mahali ambapo mimi hupaita "kwetu asili" pamekuwa na watu wa kuja.

Nilipoanza kuogopa maneno yangu

Kwa siku kadhaa nilikuwa mtu wa kuchosha. Barazani, kahawa ikizunguka, nilikuwa natazama vifundo vya miguu ya watu na kuwagawa kimoyomoyo: huyu Mngazija, huyu Mtumbatu, huyu wa Makunduchi. Siku moja nililisema kwa sauti, kwa mzaha, na mzee mmoja akaweka kikombe chini.

"Sisi tuliwahi kupimwa hivyo," alisema, na hakuendelea.

Hakuhitaji kuendelea. Kila msomaji wa hapa anajua yaliyofuata pale asili ya mtu ilipogeuzwa kuwa daraja lake. Niongeze mawili tu, kwa kuwa yanahusu miili. Kati ya sensa ya Zanzibar ya 1924 na ile ya 1931 idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili iliporomoka, na wakaongezeka waliojitaja kwa majina ya watu wa visiwani. Hakuna mfupa uliobadilika katika miaka hiyo saba, yalibadilika majibu. Na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, chakula kilipogawiwa kwa mgao, haki ya mtu kupata mchele ilitegemea kundi aliloandikishwa. Basi kama mtu angewapima watoto wa miaka ile na kukuta kundi moja limenenepa kuliko jingine, angekuwa anapima damu au anapima sahani?

Hata jeni ambazo husifiwa sana haziutii mgawanyo wangu wa barazani. Iliyo maarufu kwa misuli huitwa ACTN3, ambayo hutengeneza protini ya nyuzi za misuli ya nguvu za ghafla, na utafiti wa Australia wa mwaka 2003 uliihusisha na wakimbiaji wa mbio fupi. Kati ya Wazungu, kama 18 katika kila 100 hawana kabisa protini hiyo, nao wanaishi salama bila kujua. Kati ya Wakenya na Wanigeria waliopimwa, asiye nayo ni kama 1 katika 100. Ikiwa karibu sote pale barazani tunayo, haiwezi kueleza kwa nini sisi wenyewe hatufanani. Na huko Hispania alipatikana mwanariadha wa kuruka chini wa kiwango cha Olimpiki ambaye hana protini hiyo.

Ziko jeni moja moja zenye nguvu ya ajabu, kama ile ya miostatini, inayozuia misuli kukua kupita kiasi. Ikiharibika, ndipo hupatikana ng'ombe wa Ubelgiji wenye mapaja kama magunia, na mwaka 2004 madaktari walieleza habari za mtoto wa Kijerumani aliyezaliwa na misuli ya aina hiyo. Lakini hayo ni ya nadra. Sisi wengine tumetengenezwa na vijisehemu vingi vidogo. Kwa urefu pekee, uchunguzi wa mwaka 2022 wa watu zaidi ya milioni tano ulipata sehemu zaidi ya 12,000 katika vinasaba zinazouongeza au kuupunguza, nyingi kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho.

Inchi 54, 56, 58

Nilirudi kwenye daftari la fundi kwa macho mengine. Babu 54, baba 56, mimi 58, na mpwa wangu wa miaka kumi na tisa, ambaye jina lake lilikuwa kurasa mbili baada ya langu, 60.

Tumezoea kusema "mtoto kachukua urefu wa mamake", na pengine ni kweli kwa mmoja wetu. Lakini mabibi walioingia katika nyumba yetu hawakuwa warefu kwa zamu, kila mmoja kumzidi aliyetangulia kwa inchi mbili. Fundi alinihakikishia kwamba madaftari yake yote yana ngazi hiyo. Majora ya vitambaa yaliyomtosha baba yake kwa kanzu kumi yeye hupata tisa, na analalamika kama kwamba tunarefuka kwa kumkomoa.

Damu haibadiliki haraka namna hiyo. Wanawake wa Korea Kusini walirefuka kwa takriban sentimita 20 katika karne moja, na ni watu wale wale. Kilichobadilika ni chakula, maji safi, malaria na minyoo ya utotoni, mimba zilizolishwa na zisizolishwa. Wanasayansi wakisema kwamba urefu ni wa kurithi kwa kiasi cha asilimia 80, wanaeleza tofauti baina ya watu waliokulia katika hali zinazokaribiana. Hawasemi kwamba babu, aliyekulia muhogo mkavu na homa, alifikia pale alipopangiwa kufikia.

Sijui kama kanzu ya babu ingekuwa 58. Najua kwamba 54 ile haikuwa yake peke yake.

Bega

Nililiacha bega mwisho kwa sababu sikutaka kulipoteza.

Nilimuuliza kwanza fundi ni wateja wangapi wana bega la kulia lililoshuka. Alianza kusema "wachache", akanyamaza, akafungua daftari, na tukahesabu pamoja kurasa kumi. Walikuwa wengi kuliko wasio nalo. Mfanyakazi mmoja wa tiba ya viungo alinieleza baadaye kwamba bega la mkono unaotumika zaidi mara nyingi hukaa chini kidogo. Langu limeshuka robo inchi, kama la nusu ya waumini wa msikiti wowote wa Ijumaa.

La babu lilishuka inchi nzima.

Nikaenda kwa shangazi. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa niliposema habari ya bega la ukoo.

"Ukoo gani, mwanangu? Baba hakuzaliwa na bega lile. Mimi nilimwona kijana, amenyooka kama mlingoti. Bega lile alilipata bandarini." Miaka kumi na minane ya uhamali, alisema, magunia ya karafuu kutoka majahazini hadi ghalani, siku zote bega moja, kwa sababu la pili lilikuwa la kupokezana na la kwanza lilikuwa la kazi. Usiku bibi alikuwa akimkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. "Baba yako alipotaka kumfuata kwenye kazi ile alimfukuza. Akamwambia, wewe nenda skuli."

Waswahili husema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Babu alihakikisha kwamba mwanawe havukuti, na ndiyo maana mimi nina robo inchi tu.

Kwa hivyo nililolifanyia fahari halikuwa urithi, na nililolionea haya lilikuwa urithi. Nilikaa na shangazi hadi mchele ukaisha, nikimsaidia kutoa vijiwe, na sikumwambia kwamba kwa wiki tano nilikuwa nikitembea huku nimelishusha bega langu kidogo zaidi, makusudi.

Kanzu ya kijana

Juzi nilimpeleka mwanangu kwa fundi. Ana miaka kumi, na harusi ya binamu yake imekaribia. Alisimama pale niliposimama mimi, na fundi akampima mabega, kifua, mkono, akaandika. Nilisubiri aseme jambo la bega. Hakusema.

"Miguu ya nani hii?" aliuliza badala yake, akiwa amepiga magoti chini na chaki mdomoni, akitazama pale kitambaa kinapoishia.

"Ya mjomba wangu wa Makangale," nilijibu. "Na ya mamake mjomba."

"Jina lake nani, huyo mama?"

Nililitaja. Aliliandika kwa penseli pembeni ya vipimo, chini ya jina la mwanangu, kisha akakunja upindo, akaupima kwa vidole, akaukunjua na kuukunja tena kwa upana zaidi.

"Nimemwachia inchi tatu," alisema. "Atakapofika utaniletea nizifumue."